Nina tokeni milioni 3.1 zilizoandikwa dola 4,960. Je, hizo ni pesa?

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Nina miaka 24, natengeneza simu hapa Ngamiani, Tanga. Kwa miezi minane nimekuwa nikigonga skrini kwenye programu moja ya ndani ya Telegram inayoahidi eadropu, yaani mgawo wa bure wa tokeni (sarafu za kidijitali). Nimekusanya pointi milioni 3.1, na wanasema kila pointi itageuzwa tokeni moja. Kwenye programu imeandikwa nina dola 4,960. Msimamizi wa kundi anasema ili nizitoe nilipe kwanza dola 38 kwa USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) za 'kufungua pochi' kabla ya Ijumaa, na nitume picha ya kitambulisho changu cha NIDA. Anadai hata mitandao mikubwa hutoza ada. Rafiki yangu amenunua nyingine kwenye mauzo ya awali, yaani kabla tokeni haijaingia sokoni, amenionyesha picha ya skrini ya faida, na ananishauri nitie shilingi laki sita nilizoweka za kununulia mashine ya hewa moto na darubini ya kufanyia kazi kwenye bodi za simu. Nitajuaje kama tokeni hii ina thamani ya kweli? Nimeambatanisha maelezo ya mradi."

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umeuliza kabla ya kulipa, maana barua nyingi ninazopata huandikwa pesa ikiwa imeshakwenda.

Nianze na hizo dola 38, kwa kuwa umepewa Ijumaa na mengine yanaweza kusubiri. Usizilipe. Msimamizi wako amekuambia kwamba hata mitandao mikubwa hutoza ada, na hapo amechukua jambo la kweli akalifunika nalo uongo. Ni kweli kila muamala kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi, una ada. Lakini ada hiyo mtandao wenyewe huikata ndani ya pochi yako (programu unayohifadhia tokeni), sekunde ile unapothibitisha muamala, kwa sarafu ya mtandao huo: TON kwenye mtandao wa TON, SOL kwenye Solana, ether kwenye Ethereum. Kwenye TON na Solana mara nyingi ni senti chache tu. Kwenye Ethereum, siku za msongamano, imewahi kufika makumi ya dola. Ada ya mtandao huitumi kwa mtu. Ukiona umepewa anwani ya kupeleka USDT ili "ufunguliwe", hiyo ni pochi ya binadamu, na ukishalipa utaambiwa kuna kodi, kisha kuna uhakiki, kisha umechelewa kidogo kwa hiyo kuna faini.

Kitambulisho nacho usitume. Picha ya NIDA ikiambatana na namba yako ya simu inatosha kumpa tapeli mahali pa kuanzia, na huwezi kuibadilisha kama unavyobadilisha nywila. Wakenya walilipitia suala la kubadilishana taarifa za mwili na tokeni kwa wingi mwaka 2023. Mradi wa kripto wa Worldcoin ulipozinduliwa Julai mwaka huo, watu walipanga foleni ndefu pale ukumbi wa mikutano wa KICC, Nairobi, kupigwa picha ya mboni ya jicho na kupewa tokeni 25, ambazo wakati ule zilikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe. Tokeni zile zilikuwa na bei sokoni, hilo silikatai. Ninachotaka uone ni kwamba mgawo unaoitwa wa bure una kitu unachokitoa, na hicho kitu lazima ukitie kwenye hesabu. Kwa mgawo wako wewe umetoa miezi minane ya bando na usiku, na sasa wanataka na kitambulisho juu yake.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe.

Hiyo namba 4,960 imetoka wapi? Nimesoma maelezo uliyoniambatanishia. Wanasema tokeni zote zitakuwa bilioni 500, asilimia 30 ni za wachezaji kama wewe, na "bei ya kuanzia" ni dola 0.0016. Zidisha milioni 3.1 kwa 0.0016 unapata 4,960 kamili. Basi. Hakuna soko lililoiweka bei hiyo, hakuna mtu aliyewahi kununua hata tokeni moja kwa bei hiyo ukamwona. Aliyeandika programu kaandika 0.0016, na angeweza kuandika 0.16 kwa jasho lile lile. Pointi zako kwa sasa haziko hata kwenye blokucheni. Ni tarakimu kwenye kompyuta ya kampuni, na kampuni inaweza kuzipunguza, kuzifuta, au kubadili masharti ya nani anastahili.

Lakini tuwakubalie. Tuseme wanamaanisha wanachosema. Zidisha bilioni 500 kwa 0.0016: mradi mzima unadaiwa kuwa na thamani ya dola milioni 800. Sehemu ya wachezaji, bilioni 150, ni dola milioni 240. Sasa nijibu, mwanangu, nani ataleta hizo milioni 240? Wewe unataka kuuza siku ya kwanza, na wenzako wote kwenye lile kundi wanataka kuuza siku ya kwanza, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyenieleza tokeni hiyo inatumika kufanyia nini. Kila mtu ni muuzaji. Soko lenye wauzaji watupu halina bei.

Watu husema "thamani ya soko" kana kwamba ni pesa iliyowekwa mahali. Siyo. Ni bei ya mauzo ya mwisho ikizidishwa na idadi ya tokeni zilizopo. Jirani yako akimuuzia mgeni mwenye haraka kiwanja kimoja kwa milioni hamsini, haina maana kwamba mtaa mzima siku mkiamua wote kuuza mtapata milioni hamsini kila mmoja. Na kwenye kripto aliyeuza na aliyenunua wanaweza kuwa mtu mmoja mwenye pochi mbili.

Kitu kinachoonyesha pesa halisi ni ukwasi, yaani pesa iliyolala tayari kukununulia. Naomba uvumilie hesabu ifuatayo, kwa kuwa ukiielewa hutahitaji kuniuliza tena kuhusu tokeni yoyote.

Tokeni changa ambayo haijapokelewa na masoko makubwa huuzwa kwenye bwawa la ukwasi, mtindo ulioenezwa tangu 2018 na Uniswap, huduma ya kubadilishana tokeni kwenye Ethereum. Lichukulie kama meza yenye vikapu viwili, kimoja cha dola na kingine cha tokeni. Hakuna mchuuzi anayepanga bei. Kuna kanuni moja tu: ukizidisha dola zilizomo kwa tokeni zilizomo, jibu lisibadilike. Ukitia tokeni kwenye kikapu kimoja, unachota dola kwenye kingine kiasi cha kulirudisha jibu pale pale. Tuseme wenye mradi wako ni wakarimu, wameweka dola 50,000 na tokeni milioni 31.25. Gawanya, bei ni 0.0016 kama walivyoahidi. Ukiangalia programu, 4,960 yako ipo na inameremeta.

Wewe ukiwa wa kwanza duniani kuuza, ukazitia zote milioni 3.1, unatoka na dola 4,512. Si mbaya. Wa pili mwenye tokeni nyingi kama zako anapata 3,765. Wa kumi anapata 1,315. Wa mia anapata dola 42. Wa elfu moja anapata senti 49 za dola. Na bilioni 150 ukizigawa kwa milioni 3.1, kuna nafasi ya watu zaidi ya 48,000 wenye fungu kama lako. Wote hao asubuhi walikuwa wameandikiwa 4,960 kwenye simu zao. Bwawa lote lilikuwa na dola 50,000 tangu mwanzo, na hakuna hesabu inayoweza kutoa humo zaidi ya kilichotiwa. Hapo sijaweka ada ya kuuza, wala sijaweka roboti za watu waliojiandaa kuuza ndani ya sekunde ya kwanza.

Ndiyo maana ukiniuliza tokeni ina thamani gani, siangalii bei. Naangalia bwawa lina dola ngapi, au kama iko kwenye soko kubwa, naangalia maombi ya wanunuzi yaliyopangwa chini ya bei ya sasa yanafika wapi. Nakisia watu wangapi wanasubiri kuuza. Kisha najiuliza wanunuzi hao watakuwepo kesho kwa sababu gani.

Usidhani haya ni ya miradi ya kitapeli pekee. Unaikumbuka Hamster Kombat, ule mchezo wa ndani ya Telegram uliowafanya vijana wa Afrika Mashariki wakeshe wakigonga hamsta mwaka 2024. Ule ulikuwa mradi uliotimiza ahadi ya kutoa tokeni: tarehe 26 Septemba 2024 tokeni ikatoka, ikaingia kwenye masoko makubwa kabisa duniani, bila kumtoza mtu dola 38. Tokeni zote zilikuwa bilioni 100, na bilioni 60 zilitengwa kwa wachezaji wa msimu wa kwanza. Waliostahili walikuwa watu milioni 131. Gawanya: wastani wa tokeni kama 458 kwa mtu. Bei siku ile ilizunguka senti moja ya dola. Kwa hiyo mchezaji wa kawaida, baada ya miezi ya kuamka usiku, alipata chini ya dola 5, na sehemu yake ilikuwa imefungiwa kwa miezi mingine. Bei yenyewe ikapoteza zaidi ya nusu kabla ya mwaka kuisha. Watu walilia wakasema wameibiwa. Mimi sidhani waliibiwa. Hakuna aliyewaambia wagawanye, na mgawanyo ule ungeweza kufanywa kwenye kikokotoo cha simu ya tochi kabla ya tokeni kutoka.

Aliyefaidika ni nani? Chaneli yao ya YouTube ilivuka wafuatiliaji milioni 30, kwa sababu ulilazimika kutazama video ili upate pointi. Kila mlipoambiwa jiungeni na kundi hili, fungueni programu ile, kuna mtu alikuwa akilipwa tangazo. Eadropu kwa kampuni ni gharama ya kutafuta wateja, kama kampuni ya simu inavyogawa laini bure stendi. Kazi yako ya kugonga ililipwa kweli, ila aliyechukua malipo hakuwa wewe.

Pi nayo, sarafu inayokusanywa kwa kubonyeza kitufe kwenye simu, nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa nyumba nyingi zina mtu anayekibonyeza tangu 2019. Ilifungua mtandao wake kwa umma tarehe 20 Februari 2025, ikafika karibu dola 3 mwishoni mwa mwezi huo, na kabla ya mwaka kuisha ikawa chini ya nusu dola. Aliyefanikiwa kuhakikiwa na kuuza mapema alipata pesa nzuri na sina neno naye. Tatizo ni kwamba tokeni mpya ziliendelea kufunguliwa na kumwagika sokoni, na wanunuzi hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo kwenye maelezo ya mradi wowote, ukurasa wa kusoma mara mbili ni ule wa ratiba ya kufungua tokeni. Wako unasema timu na wawekezaji wana asilimia 25, na hausemi zitafungiwa kwa muda gani. Kunyamaza huko kumenitisha kuliko kitu kingine chochote mlimo, kwa sababu bilioni 125 zinaweza kuuzwa siku moja na wewe.

Zipo eadropu zilizolipa. Septemba 2020 Uniswap hiyo hiyo iliwapa tokeni 400 za UNI watu waliokuwa wameitumia kabla ya tarehe 1 ya mwezi huo. Siku za mwanzo zilikuwa na thamani ya dola zaidi ya elfu moja. Angalia tofauti: watu wale walikuwa wanatumia huduma wanayoihitaji, hawakuambiwa wagonge wala walete marafiki, na hakuna aliyetoa senti ili "afunguliwe". Tena hata pale, tokeni ilipanda hadi kama dola 44 Mei 2021, na Juni 2022 ikawa chini ya dola 5, ilhali huduma yenyewe ilikuwa ikiendelea kutumiwa na watu wengi. Kwa miaka mingi mwenye UNI alikuwa na haki ya kupiga kura tu. Ada walizolipa watumiaji hazikumfikia. Hapa ndipo hata wasomi huteleza. Mradi unaweza kuwa mzuri na tokeni yake isiwe na haki ya chochote kinachoingia. Usiulize tu "mradi huu unafanya kazi?" Uliza "nikiwa na tokeni hii, ninamdai nani nini?"

Kuhusu laki sita na mauzo ya awali, nitasema kwa uzito ule ule ambao ningemwambia mtoto wangu wa kumzaa. Kutengeneza tokeni siku hizi ni kazi ya dakika chache. Tangu Januari 2024 kuna Pump.fun kwenye Solana, ambako mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu anachagua jina na picha, na tokeni imezaliwa. Ugumu uliobaki ni kumpata mtu wa kuinunua, na mauzo ya awali ndiyo njia ya kumpata kabla hajaweza kuona kama kuna wa kumuuzia. Rafiki yako amekuonyesha picha ya skrini ya faida. Muulize swali moja: amekwisha kuuza na kupokea shilingi kwenye simu? Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2009 tunaikumbuka DECI, ule mchezo wa upatu. Waliotangulia walilipwa, wakashuhudia kwa majirani, na pesa waliyolipwa ilikuwa ya wale majirani.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wewe fundi utalielewa upesi. Mkataba wa tokeni, yaani ile programu inayoiendesha, unaweza kuandikwa ili watu wanunue wasiweze kuuza. Oktoba 2021 ilitoka tokeni iliyojipachika jina la tamthilia ya Squid Game. Ikapanda hadi zaidi ya dola 2,800 moja kwa sababu wenye nazo hawakuweza kuuza, kwa hiyo hakukuwa na cha kuishusha. Tarehe 1 Novemba wenye mradi wakachota pesa, na bei ikawa sifuri ndani ya dakika. Bei inayopanda bila kushuka hata kidogo ni dalili ya ugonjwa, kama betri inayosoma asilimia 100 saa nzima.

Kama tokeni yako itatoka kweli, waombe anwani ya mkataba, ukaitazame mwenyewe: Etherscan kwa Ethereum, Solscan kwa Solana, Tonviewer kwa TON. Ni bure na haihitaji kujisajili. Fungua orodha ya wenye tokeni. Ukikuta pochi tano au sita zisizo za soko wala za bwawa zimeshika sehemu kubwa, ujue bei iko mikononi mwa watu watano au sita. Tazama bwawa lina dola ngapi, na ufanye hesabu ya vikapu viwili niliyokuonyesha. Fungua pochi mpya isiyo na kitu kwa ajili ya kupokea, kwa sababu kurasa za kudai eadropu mara nyingi hukuomba uidhinishe kitu, na ukiidhinisha bila kusoma unaweza kuwa umeruhusu mkataba wa mtu kuchota USDT zako zote baadaye, hata ukiwa umelala. Yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi hayaandikwi popote kwenye intaneti, kwa mtu yeyote, hata akijiita huduma kwa wateja. Na ukikuta siku moja tokeni usiyoijua imeingia yenyewe kwenye pochi yako ikiwa na jina la tovuti na thamani ya maelfu ya dola, usiiguse.

Kisheria uko peke yako kuliko unavyodhani. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo hata ukifanikiwa kuuza, weka kumbukumbu za ulichopata na lini. Ukipigwa, usitegemee benki ikurudishie.

Fanya hivi jioni ya leo. Jitoe kwenye mazungumzo ya faragha na huyo msimamizi, maana Alhamisi atakupigia akikubembeleza. Pointi zako ziache zilivyo, hazili chakula. Wakizitoa bila kudai malipo wala kitambulisho, zipokee kwenye pochi mpya na uuze saa hiyo hiyo. Mimi kwenye daftari langu ningeziandika sifuri mpaka hapo. Laki sita nenda nazo dukani ukachukue mashine ya hewa moto, na kama darubini itapungukiwa kidogo, tafuta iliyotumika.

Rafiki yako naye msomee ile hesabu ya mtu wa kwanza, wa kumi na wa mia, kabla hajaongeza nyingine. Kama tokeni zake za mauzo ya awali ameshapewa mkononi, ajaribu leo kuuza za dola 5 tu, aone kama USDT inaingia. Ikiingia, atoe mtaji wake kwanza.